Kila mtu anasema naiba chapati zangu mwenyewe. Mbona sukari haishuki?

Shikamoo Dokta.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 37, naishi Tanga. Kazi yangu ni chapati na chai, alfajiri mpaka saa nne. Safu yako naisoma siku zote ila sikuwaza kama ipo siku nami nitaandika.

Mwaka juzi nilishikwa na kiu isiyokatika na kukojoa usiku kucha. Nilipopimwa kidoleni mashine ilisoma 17. Nikaambiwa ni kisukari cha ukubwani, aina ya pili, nikapewa metformini. Mwanzoni nilipata nafuu, asubuhi kabla ya kula nikawa napata 7 au 8. Halafu ikaanza kupanda. Wakaniongezea dozi, baadaye wakanichanganyia na glibenklamidi. Ikashuka kidogo, ikapanda tena. Sasa hivi naamka na 14, na kile kipimo cha miezi mitatu kimetoka asilimia 11.2.

Dokta, wallahi sili ovyo. Sukari kwenye chai niliiacha tangu siku ile. Soda nimesahau ladha yake. Chapati naionja kujua chumvi tu, kipande cha ncha ya kidole. Lakini mara ya mwisho kliniki muuguzi aliisoma namba yangu kwa sauti mbele ya foleni nzima, akaniuliza, "Wewe mama, hizo chapati unawauzia wateja au unaliuzia tumbo lako?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikalia. Mume wangu si mtu mbaya, ila siku hizi naye anahesabu chapati zilizobaki kwenye hotpoti.

Na nimekonda. Nilikuwa na kilo 63, sasa nina 51. Unajua mtu akikonda mtaani wanasema nini. Nimeshapima virusi vya UKIMWI mara mbili, sina. Tena nina mabaka meupe mikononi na pembeni mwa mdomo, yalinianza kabla ya sukari. Dada yangu mkubwa naye ana shida ya tezi ya shingo, anameza kidonge kila siku. Sijui kama haya yanahusiana, naandika kwa sababu huwa unasema tusifiche kitu.

Sasa daktari amesema nikirudi mwezi ujao ananianzishia sindano za insulini. Mama mkwe anasema ukishafika kwenye sindano ndiyo basi tena, kwamba shemeji yake alianza sindano na mwaka huohuo akakatwa mguu. Ameniletea unga wa mbegu za mlonge, anataka niache vidonge vyote niujaribu huo kwanza. Mume wangu amenyamaza, na nikimjua mimi, akinyamaza yuko upande wa mama yake.

Nakosea wapi, Dokta? Nikatae sindano? Watoto wangu nao watapata? Na Ramadhani je, nitafunga?

Mpika Chapati, Tanga

*

Marahaba, mdogo wangu.

Tuanze na hizo chapati, maana naona ndizo zinazokuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Asilimia 11.2 maana yake damu yako imekuwa na sukari ya wastani wa kama 15, usiku na mchana, kwa miezi miwili mitatu mfululizo. Kipande cha kuonjea chumvi hakimfikishi mtu huko. Ungekuwa unakula chapati mbili na chai ya sukari kila asubuhi ningekwambia uache, kwa sababu unga mweupe unapandisha sukari kweli. Ila mtu mwembamba anayeendelea kukonda huku anameza dawa za aina mbili, swali la kwanza kwake si "unakula nini". Swali ni kama kongosho lake bado linatengeneza insulini ya kutosha, ile homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini.

Sijakuona wala sijakupima, kwa hiyo siwezi kuubatiza ugonjwa wako jina kwa barua. Ninachoweza ni kukwambia ninachoshuku, na kwa nini.

Wengi tumezoea kwamba kisukari ni cha aina mbili. Cha kwanza huwapata sana watoto na vijana: kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupambana na vijidudu, inazigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Mtoto anaweza kuwa mzima leo, na wiki chache baadaye yuko mahututi. Cha pili huwapata zaidi watu wazima, mara nyingi wenye uzito mkubwa: insulini ipo, ila mwili hauisikii vizuri. Sasa kuna watu wazima ambao kinga yao inafanya uharibifu uleule wa aina ya kwanza, ila polepole, kwa miezi au miaka. Siku wanapogunduliwa bado wana akiba ya insulini, kwa hiyo vidonge vinawasaidia kwa muda na kila mtu anaamini ni aina ya pili. Akiba ikipungua, vidonge havina tena cha kushika. Hapo ndipo mgonjwa anapoanza kuitwa mbishi.

Kisukari hicho cha polepole madaktari wanakiita LADA. Mwaka 1974 watafiti wa London waligundua kwenye damu ya baadhi ya wagonjwa wa kisukari kingamwili, yaani silaha za kinga ya mwili, zinazoelekezwa kwenye kongosho lao wenyewe. Mwaka 1993 Tiinamaija Tuomi na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya watu wazima waliodhaniwa kuwa na aina ya pili walikuwa na kingamwili dhidi ya kitu kinachoitwa GAD, kilichomo ndani ya seli za insulini, na jina hilo likashika. Utafiti mkubwa wa kisukari wa Uingereza, matokeo yake ya 1997, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa waliogunduliwa kabla ya miaka 35, asilimia 84 ya waliokuwa na kingamwili za GAD walihitaji insulini ndani ya miaka sita. Kwa wasiokuwa na kingamwili hizo, walioihitaji walikuwa asilimia 14 tu. Wote hawa walipewa jina moja la ugonjwa siku ya kwanza.

Kwa nini nakushuku wewe? Mwaka 2006 watafiti wa Melbourne, Australia, walitafuta dalili za kumsaidia daktari kujua nani apimwe. Wakabaki na tano: kugunduliwa kabla ya miaka 50, kuanza kwa dalili kali kama kiu na kukojoa sana, kutokuwa mnene, kuwa na ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia, na kuwa na ndugu mwenye ugonjwa wa namna hiyo. Mwenye mbili au zaidi apimwe. Wewe ulianza ukiwa na kama miaka 35, kwa kiu isiyokatika. Mabaka yako, kama kweli ni mbalanga, nayo ni kazi ya kinga: inaua seli zinazoipa ngozi rangi. Tezi ya dada yako inaweza kuwa ya kinga pia. Siyo lazima, kuna rovu la kukosa madini joto, kwa hiyo muulize aliambiwa nini hasa na anameza dawa gani. Ulifanya vizuri kuandika hata yale uliyoona hayahusiani.

Kabla sijaendelea, mambo mawili ya kuondoa njiani. Kama kuna mtu alikupa vidonge vya prednisoloni au dawa nyingine ya jamii hiyo kwa ajili ya hayo mabaka, mwambie daktari leo, kwa maana zinapandisha sukari. Na kukonda kilo 12 kunataka upimwe kifua kikuu hata kama hukohoi sana. Kifua kikuu na kisukari wanatembea pamoja.

Ukirudi kliniki, usiende na hasira wala usiende na pua juu ukijifanya umejipima mwenyewe. Sema hivi: "Daktari, vidonge nameza na nimekonda kilo 12. Nina mabaka meupe na dada yangu ana tezi. Je, inawezekana kisukari changu ni cha kinga ya mwili? Naweza kupimwa kingamwili za GAD na C-peptidi?" Andika kwenye karatasi usome, hakuna aibu. Daktari akiyasikia hayo manne kwa pamoja, mazungumzo yanabadilika.

Kipimo cha GAD kinaangalia kama kinga inalishambulia kongosho. C-peptidi inaonyesha kongosho lako bado linazalisha kiasi gani, kwa sababu kila insulini inapotengenezwa mwilini hutoka na kipande hicho kwa kiwango sawa. Wataalamu huona kwamba ikiwa chini ya 0.3 (kipimo cha nanomoli kwa lita) mtu anatibiwa kwa insulini kama aina ya kwanza. Kati ya 0.3 na 0.7 ni eneo la kusitasita, matibabu hupangwa kwa kumwangalia mtu na kipimo kurudiwa. Ila sukari ikiwa juu sana kwa muda mrefu, kongosho huzubaa na C-peptidi inaweza kutoka ndogo kuliko hali halisi. Ndiyo maana wakati mwingine husubiriwa sukari itulie kwanza.

Si kila maabara inafanya vipimo hivi, sampuli nyingine husafirishwa, na bei si ya mchezo. Uliza kwanza, na uliza kama bima yako inagharamia. Na huku kwetu Afrika kuna jambo moja zaidi: wagonjwa wetu wengi wenye upungufu mkubwa wa insulini hawakutwi na kingamwili hizo. Kwa hiyo GAD ikitoka hasi usidhani umethibitishwa kuwa mwizi wa chapati. C-peptidi, kukonda kwako na namba zako bado vina neno.

Sasa sikiliza hapa vizuri, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza muda. Vipimo visikucheleweshe. Mtu mwenye asilimia 11.2, anayekonda, na vidonge vimeshindwa, anastahili insulini sasa hivi, iwe ni LADA, iwe ni aina ya pili. Daktari wako yuko sahihi, na mimi ningependa asingoje mwezi ujao. Kama unaweza kurudi wiki hii, rudi. Faida ya kujua aina ni ya baadaye: ikithibitika ni ya kinga, utajua kwamba insulini ni ya kudumu na haiachwi hata namba zikipendeza, na dawa kadhaa zitaondolewa kwenye orodha yako. Glibenklamidi ni mojawapo. Inalilazimisha kongosho litoe insulini, na kwa kongosho linaloshambuliwa hiyo ni kumcharaza punda aliyechoka. Usiiache mwenyewe leo, ila siku ya kuanza sindano uliza kama unaendelea nayo, kwa sababu vikikutana viwili sukari inaweza kuporomoka. Metformini haina ubaya, ila peke yake haitoshi. Kuna pia vidonge vya kisasa vinavyotoa sukari kwa mkojo, majina yake huishia na "-gliflozini". Kwa mtu mwenye upungufu wa insulini vinaweza kuleta sumu ya ketoni, ile tindikali inayojaa kwenye damu mwili ukichoma mafuta badala ya sukari, hata sukari ikiwa haijapanda sana. Ukipewa, uliza kwanza.

Nimfikie mama mkwe. Mwambie shikamoo yangu, na mwambie nimesikia habari ya shemeji yake na ninampa pole. Mguu haukatwi na sindano. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu na ya damu, mtu anachomwa na mwiba hasikii, kidonda hakiponi. Wagonjwa wengi huikubali sindano mwishoni kabisa, mguu ukiwa umeshaharibika, na lawama zote zinaiangukia sindano kwa sababu ndiyo iliyofika mwisho. Mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini, Januari 1922 huko Toronto, alikuwa kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekonda mpaka akawa anasubiri kufa. Aliishi miaka 13 mingine, na kilichomuua ilikuwa nimonia. Hiyo ni insulini ya enzi zile, iliyokuwa haijasafishwa vizuri. Ya leo ni bora mara nyingi.

Mlonge wenyewe sina shida nao, majani yake ni mboga nzuri na upike. Kuacha dawa ili ujaribu unga ndiko nisikokubali. Kwa mtu ambaye insulini yake inaisha, ukikaa bila dawa mwili unaanza kuchoma mafuta ovyo na kujaza damu ketoni. Dalili zake: kichefuchefu na kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa kasi na kwa nguvu kama umepanda mlima, mdomo kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, usingizi usio wa kawaida. Ukiziona, hata kabla hujaanza sindano, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Wapime sukari na ketoni kwenye mkojo au damu. Watu wengi wanaodhaniwa wana malaria au "tumbo limechafuka" hufika wakiwa wamechelewa kwa hilo tu. Na ukishaanza insulini, siku ukiugua ukashindwa kula usiiache kabisa, piga simu kliniki wakwambie upunguze kiasi gani.

Wewe una jambo la kwako la kazi. Unaamka alfajiri na unasimama kwenye jiko la moto. Insulini ukipiga ukasahau kula, sukari itashuka: mikono itatetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, hasira za ghafla. Pale mezani hukosi sukari ya wateja, basi na wewe itakufaa: vijiko vitatu vya chai kwenye maji, kunywa, kaa chini mbali na moto, pima tena baada ya dakika 15, kisha kula kitu. Siku hiyo hata hiyo chapati kula, na mume wako aihesabu.

Joto la Tanga nalo si rafiki wa insulini. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, kamwe si kwenye sehemu ya kugandishia. Kama huna friji, chukua chungu cha udongo, weka mchanga, umwagilie maji kila siku, kisha uweke chupa ndani ya kikopo chenye mfuniko katikati ya ule mchanga, mahali penye kivuli na upepo. Inapoza vizuri. Usiiweke karibu na jiko wala kwenye pochi inayoachwa juani, na chupa iliyofunguliwa isipite kama wiki nne.

Mume wako nenda naye kliniki. Usimweleze wewe, mwache asikie kwa daktari. Nimeona waume wengi waliokuwa wakihesabu chapati wakatoka pale wakawa ndio wanaokumbusha saa ya sindano. Yule muuguzi naye, ukimkuta tena, mwombe kwa upole akusomee namba zako pembeni. Ni haki yako, na huhitaji kucheka pamoja na foleni.

Watoto: kisukari cha kinga kina asili ya ukoo kidogo, lakini watoto walio wengi wa wazazi wenye nacho hawakipati. Huna haja ya kuwapima kila wiki. Ukimwona mmoja ana kiu ya ajabu, anakonda, au ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, mpeleke siku hiyohiyo apimwe kidoleni. Wewe mwenyewe omba upimwe tezi, kwa sababu magonjwa haya ya kinga hupenda kufuatana.

Na Ramadhani. Mwenye kisukari kinachotegemea insulini yuko kwenye kundi la hatari kubwa akifunga, na kwa namba ulizonazo sasa, ikikukuta dozi yako bado inatafutwa, usifunge. Aya ya funga yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona ana fidia yake, sheikh wako atakueleza. Mwaka unaofuata, sukari ikiwa imetulia na una mashine ya kupimia nyumbani, kamwone daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya mwezi mtukufu mjadiliane upya. Kujipima kidoleni hakufunguzi, wanazuoni wengi wameshalisema, na sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 unafungua palepale, hata kama adhana ya magharibi imebaki robo saa.